Kutundika Mfarishi Ukutani Bila Kuuharibu

Vyama vya ushirika vyenye vikundi vya ushonaji hupeleka bidhaa za namna nyingi kwenye maonyesho ya Saba Saba na Nane Nane, na miongoni mwazo imo mifarishi iliyoungwa kwa vipande vya vitenge na khanga vinavyobaki kwa mafundi cherehani. Bidhaa hii ina shida yake ya pekee. Haiwezi kupangwa mezani kama vikapu, wala kukunjwa rafuni kama mashuka, kwa kuwa uzuri wake hauonekani mpaka itandazwe yote. Kwa hiyo hutundikwa ukutani. Na hapo kazi ya miezi kadhaa ya mwanachama mmoja huweza kuharibika katika juma moja, kwa sababu ya misumari minne iliyogongwa kwa haraka asubuhi ya siku ya ufunguzi.

Jina lenyewe latoa onyo. Mfarishi ni kitu cha kutandika. Kitandani uzito wake wote hubebwa na godoro. Ukutani uzito huohuo hubebwa na ukingo wa juu peke yake. Mfarishi wa kitanda kikubwa, wenye uso wa vipande, ujazo wa pamba na bitana nyuma, waweza kufika kilo 2 au kuzidi. Ukining'inizwa kwa pembe mbili, kila pembe hubeba nusu ya uzito huo mahali pasipozidi upana wa msumari. Nyuzi za kitambaa hutanuka kulizunguka tundu, ukingo wa juu hufanya tumbo katikati, na mishono inayoshikilia vipande huanza kukatika, wa juu kwanza. Ikiwa mishono inayopita tabaka zote tatu imepishana sana, pamba ya ndani nayo hushuka na kujikusanya chini. Dosari hii haionekani siku ya kwanza. Aghalabu huonekana wakati mnunuzi anaugeuza mfarishi aone nyuma.

Pengine katibu atauliza kama kuna haja ya taabu yote hii. Historia ya ushirika inalo jibu, nalo latoka mbali. Mwishoni mwa mwaka 1965 kasisi mmoja wa Kanisa la Episkopo, Francis X. Walter, alikuwa akipita katika Wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama, Marekani, akaona mifarishi imeanikwa kwenye kamba nje ya nyumba. Wakati huo Wamarekani weusi wa wilaya hiyo walikuwa wakifukuzwa kazini na katika mashamba waliyokuwa wakiishi kwa sababu ya kujiandikisha kupiga kura. Walter aliikusanya mifarishi ya wanawake wa sehemu hizo, ikauzwa kwa mnada New York mwaka 1966, na mwaka huohuo washonaji wakaunda chama chao cha ushirika, Freedom Quilting Bee. Meneja wake kwa miaka mingi alikuwa Estelle Witherspoon. Chama hicho kilikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo wa Federation of Southern Cooperatives, muungano ulioanzishwa mwaka 1967. Kilijenga karakana yake, na mwaka 1972 kikapata mkataba wa kuishonea kampuni ya Sears foronya za kodiroi. Kilidumu hadi mwaka 2012.

Katika wilaya hiyohiyo kipo kijiji cha Gee's Bend, kilichozungukwa na mto Alabama pande tatu. Mwaka 2002 mifarishi ya wanawake wa kijiji hicho, mingine ikiwa imeshonwa kwa suruali kuukuu za shamba ili kuzuia baridi, ilitundikwa katika jumba la Museum of Fine Arts mjini Houston, kisha katika jumba la Whitney mjini New York, na watu wakasimama mbele yake kama wanaotazama picha za wachoraji mashuhuri. Nguo ni ileile. Kilichobadilika ni mahali ilipowekwa: ilitoka kitandani ikapanda ukutani, macho ya watu yakaifikia.

Majumba ya makumbusho yanapotundika nguo nzito hutumia zaidi njia mbili: ala ya kitambaa iliyoshonwa nyuma, na utepe wa kunasana. Zote mbili zaweza kufanywa na kikundi chochote chenye cherehani na seremala.

Ala ya kitambaa

Ala hii ni mfuko mrefu, ulio wazi ncha zote mbili, ambao hushonwa nyuma ya mfarishi karibu na ukingo wa juu ili ubao upite ndani yake. Faida yake ni kwamba uzito huenea sawasawa upana wote, na hakuna chuma wala mti unaougusa mfarishi wenyewe.

Tuseme mfarishi una upana wa sentimita 180. Hukatwa kitambaa cha pamba chenye urefu wa sentimita 180 na upana wa sentimita 23. Ncha zake hupindwa mara mbili, kila pindo sentimita 2 na nusu, hata urefu ukabaki sentimita 170. Kisha kitambaa hukunjwa kwa urefu wake na kingo mbili hushonwa pamoja kwa cherehani. Hupatikana ala yenye upana wa sentimita 10 na ushei, na mshono wake hulazwa upande wa mfarishi usionekane. Kitambaa cha marekani chafaa sana kwa kazi hii, yaani kile kilicholetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem katika karne ya 19 na kikapewa jina la nchi kilikotoka. Sharti kifuliwe kwanza na kukaushwa, kwa sababu wanga wake huvuta mende, na kwa sababu kitambaa kisichofuliwa kikilowa baadaye hujikunyata na kuvuta bitana.

Jambo ambalo mafundi wengi hawalijui ni hili linalofuata. Ala ipigwe pasi kwa namna ambayo tabaka litakaloegemea mfarishi litakuwa jembamba kuliko tabaka la nje kwa sentimita 1 hadi 2, na mikunjo hiyo ndiyo ifuatwe wakati wa kushona. Ubao ukiingia huhitaji nafasi. Ukiikosa nyuma huitafuta mbele, na uso wa mfarishi hutokeza tuta kutoka pembe hii hata pembe ile. Tabaka la nje likiwa limelegea, tuta lote hubaki nyuma, upande wa ukuta.

Ala hushonwa kwa mkono, sentimita 2 chini ya ukingo wa juu wa mfarishi, kwa uzi wa pamba ulio imara. Hushonwa ukingo wake wa juu kwanza, kisha ule wa chini. Sindano ipite katika bitana na kushika pamba ya ndani, bila kutokeza usoni. Kila baada ya sentimita 10 hivi lifungwe fundo, ili mshono mmoja ukikatika usiufumue mstari mzima. Ncha za tabaka la ndani nazo zishonwe kwenye bitana. Zikiachwa wazi, siku ya maonyesho mtu mwenye haraka ataupitisha ubao kati ya ala na mfarishi, kisha ashangae kwa nini unabenuka.

Kwa ala ya kipimo hicho, ubao hukatwa sentimita 176, upana sentimita 4, unene sentimita 1. Hivyo utatokeza sentimita 3 nje ya ala kila upande, na bado utafichwa na mfarishi kwa sentimita 2. Ubao bapa ni bora kuliko fimbo ya mviringo, maana hulala sambamba na ukuta wala hauzunguki. Tundu moja hutobolewa kila upande, sentimita 1 na nusu kutoka ncha; kwa hiyo skrubu mbili za ukutani zitaachana kwa sentimita 173 kamili. Kipimo hicho kiandikwe kwenye ubao wenyewe kwa kalamu ya risasi. Seremala hatalazimika kukisia, na mwaka unaofuata hakuna atakayehitaji kukitafuta upya.

Mti mbichi au usiopakwa kitu hutoa utomvu na asidi ambazo hugeuza kitambaa kuwa cha rangi ya manjano. Ubao ulainishwe kwa msasa, upakwe vanishi, uachwe ukauke kwa siku kadhaa hadi harufu iishe, kisha uzungushiwe kitambaa cha bafta. Mfarishi ukizidi upana wa mita 2, ala igawanywe sehemu mbili na kuachwa upenyo wa sentimita chache katikati, ili skrubu ya tatu iushike ubao pale. Bila hivyo ubao hupinda, na mfarishi hupinda nao.

Vikundi vilivyo makini hushona ala mbili, moja juu na moja chini. Ala ya chini hutiwa ubao mwembamba ili mfarishi unyooke, na baada ya wiki kadhaa mfarishi wote hugeuzwa, chini kuwa juu, ili uzito usibebwe na ukingo mmoja daima. Bila shaka mapambo yenye upande mmoja wa kusimama, kama vile minazi, watu au maandishi ya khanga, hayaruhusu jambo hilo.

Utepe wa kunasana

Utepe huu ni ule unaofungia viatu vya watoto na mikoba: upande mmoja una vijindoano vigumu, wa pili una manyoya laini. Upande laini hushonwa kwa cherehani juu ya mkanda wa pamba ulio mpana kuuzidi, kisha mkanda huo hushonwa kwa mkono nyuma ya mfarishi kama ala. Upande wa vijindoano hupigiliwa juu ya ubao ulioskrubiwa ukutani. Mfarishi hubandikwa kuanzia katikati kwenda pembeni.

Ubora wa njia hii huonekana pale ambapo ukingo wa juu haukunyooka, jambo la kawaida kwa kazi ya mkono. Sehemu iliyoshuka huweza kubanduliwa na kupandishwa nusu sentimita bila kuigusa iliyobaki. Ubaya wake ni bei ya utepe, na kwamba vijindoano hukwaruza uso wa kitenge iwapo mfarishi utakunjwa pamoja navyo. Ndiyo maana upande mgumu hubaki ukutani siku zote. Utepe wenye gundi, unaobandikwa bila kushonwa, usitumiwe hata kidogo. Gundi huyeyuka kwa joto, hupenya katika bitana, na doa lake halitoki.

Njia nyingine

Kwa maonyesho ya siku mbili tatu, ikiwa hakuna nafasi ya kushona ala, ukingo wa juu waweza kubanwa kati ya mbao mbili ndefu zilizofungwa pamoja kwa skrubu kwenye ncha zake, nje ya kitambaa, na kutandikwa bafta ndani. Hii ni njia ya dharura, lakini ni njia ya haki: upana wote unabanwa sawasawa. Vibanio vya nguo vya mbao, vingi na vilivyokaribiana, hufaa kwa kipande chepesi kama kitambaa cha meza. Vitanzi vya kitambaa vinavyoshonwa juu ya ukingo hupendwa kwa sababu ya sura yake, ila mfarishi mzito hulegea kati ya kitanzi na kitanzi na ukingo huwa na mawimbi. Kipande kidogo kisichozidi nusu mita chaweza kushonewa pembetatu mbili za kitambaa nyuma, moja katika kila pembe ya juu, na kijiti kikaingizwa humo.

Misumari, pini za ofisini na pini za stepla zikatazwe. Tundu lake huwa kubwa kila siku, na katika hewa ya pwani kutu huingia kwenye pamba kabla ya juma kwisha. Kutia mfarishi katika fremu ya kioo ni gharama kubwa kwa faida ndogo. Kioo kikigusa kitambaa, unyevu hunaswa katikati na ukungu huota.

Mahali pa kutundika

Jua ndilo adui mkubwa kuliko msumari. Rangi iliyopauka hairudi, na mwanga unaoingia dirishani kwa saa mbili kila asubuhi huhesabika siku hadi siku, hata kama chumba kina kivuli mchana wote. Majumba ya makumbusho hushusha mwanga juu ya nguo hadi kiasi cha lux 50, ambao kwa macho ya mtu aliyetoka nje ni kama magharibi imeingia. Chumba cha maonyesho cha chama hakiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa mnunuzi ataka kuona rangi. Linalowezekana ni kuchagua ukuta usiopigwa na jua, kuzima taa chumba kikifungwa, na kubadilisha mifarishi ili mmoja usikae ukutani zaidi ya miezi mitatu au minne.

Ukuta wa nje unaopigwa na mvua za masika haufai, wala ukuta unaopakana na jiko. Vipande vyekundu na vya bluu ya nili huweza kumwaga rangi kwenye vyeupe paa likivuja mara moja tu. Ubao uachwe mbali na ukuta kwa sentimita 2 au 3 ili hewa ipite nyuma, na mara moja kwa juma mtu aangalie hapo: mijusi hupenda mahali pa giza, na mchwa akiingia katika ubao hatauliza kama kitambaa ni cha nani. Ukuta wa saruji hutobolewa kwa keke na kutiwa skrubu. Ukuta wa tofali za udongo hauaminiki kwa uzito huo. Ni afadhali ubao utundikwe kwa kamba mbili kutoka kwenye boriti. Hivyo ndivyo ifanywavyo pia katika mabanda ya maonyesho yenye kuta za mabati au turubai, na hapo ubao wa chini ni wa lazima, maana upepo wa Julai na Agosti huupiga mfarishi kama tanga.

Mikono ya watazamaji ni shauri jingine. Kibao cha "Usiguse" hakina nguvu mbele ya mtu anayetaka kujua kama pamba ni nene. Dawa iliyo rahisi ni kuweka mezani kipande kidogo, cha mraba wa sentimita 40 hivi, kilichoshonwa kwa vitambaa na ujazo uleule, watu wakishike wapendavyo.

Mfarishi mkuukuu, ambao nyuzi zake hukatika ukivutwa taratibu kwa vidole, usitundikwe kwa njia yoyote iliyotajwa. Mfarishi wa namna hiyo hulazwa juu ya meza iliyoinama kidogo, au hutandikwa kitandani kama ulivyokusudiwa.

Mfarishi ulio ukutani ni mali ya nani

Jambo hili huachwa mara nyingi hadi ugomvi utokee. Mfarishi uliotundikwa katika chumba cha maonyesho bado ni mali ya aliyeushona, isipokuwa chama kimekwisha kuununua. Ukipauka au kuraruka, hasara ni ya nani? Ni vema mkutano wa wanachama ulikate shauri hilo kabla ya mfarishi wa kwanza kupanda ukutani, na uamuzi uandikwe katika kumbukumbu. Chama kilichochagua ukuta, misumari na siku ndicho kinachostahili kubeba hasara, na gharama ya ala na ubao nayo iwe juu ya chama, ikirudishwa kidogo kidogo katika ushuru wa mauzo. Kumwachia mwanachama anunue ubao wake mwenyewe ni kurudisha misumari kwa mlango wa nyuma.

Hata sifa huleta mashauri. Baada ya mifarishi ya Gee's Bend kujulikana, baadhi ya washonaji walifungua kesi mahakamani mwaka 2007 kuhusu malipo na haki zitokanazo na kazi zao. Kesi hizo zilimalizwa mwaka 2008 kwa mapatano. Wanawake wa kijiji walikuwa wamekwisha kuunda ushirika wao wa mauzo mwaka 2003.

Kwa hiyo katibu apokeapo mfarishi atoe stakabadhi yenye jina la mwanachama, vipimo, bei waliyokubaliana, na hali ya mfarishi siku hiyo: doa lililokuwapo, mshono uliolegea, rangi iliyokwisha kupauka. Picha mbili za simu, ya mbele na ya nyuma, zichukuliwe mbele ya mwenye mali. Iandikwe pia kama ameruhusu picha hizo zitumike katika matangazo, na kama mtu mwingine aruhusiwa kuushona muundo wake. Jina la mshonaji, chama chake na mwaka viandikwe kwenye kipande cha bafta kinachoshonwa pembeni mwa bitana. Karatasi ya bei ifungwe kwa uzi kwenye ubao, isitiwe pini kwenye kitambaa.

Siku ya kushusha, watu wawili washike ncha za ubao kwa pamoja, wa tatu apokee ukingo wa chini ili usiburure sakafuni. Vumbi likung'utwe kwa mkono mwepesi kivulini. Mfarishi usiouzwa huviringishwa juu ya bomba la karatasi ngumu lililozungushiwa bafta, uso ukiwa nje, ili mikunjo ipatikanayo iwe ya bitana. Hufunikwa kwa shuka safi ya pamba, kamwe si kwa mfuko wa nailoni. Kisha stakabadhi hutolewa tena, mfarishi hulinganishwa na picha, na mwanachama na katibu hutia sahihi chini ya tarehe.